Kasha na Mtambo: Historia ya Saa za Uswisi Zilizovikwa Dhahabu Uingereza

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri huyapita pasipo kusita ni neno saa. Ni neno la zamani katika lugha yetu, kila mtu analijua, na hakuna anayedhani kuwa linahitaji kufasiliwa. Hata hivyo, yako maandishi ambayo neno hilo huwa mtego. Tuchukue mfano. Mtu amefariki na katika mali aliyoiacha imo saa moja ya mkononi ya miaka ya 1950. Hati ya tathmini iliyoandikwa Uingereza yaeleza kuwa saa hiyo ina mtambo wa Uswisi, na kwamba kasha lake ni la dhahabu ya karati 9 lililopigwa chapa Birmingham. Mfasiri, kwa kutaka ufupi, anaandika: “Saa ya dhahabu ya Uswisi.” Warithi wanafurahi. Baadaye mnunuzi anaifungua saa, anakuta ndani ya kasha chapa za Kiingereza mahali alipotazamia kuona za Uswisi, naye anatamka kuwa saa ni bandia. Saa si bandia hata kidogo. Kosa limo katika maneno matano ya mfasiri.

Katika makala haya tumekusudia kueleza historia ya saa za namna hiyo, yaani saa ambazo mtambo wake ulitoka Uswisi na kasha lake la dhahabu au fedha likafanywa katika nchi zilikouzwa, hasa Uingereza. Tumeichagua historia hii kwa sababu moja. Kwa muda wa karibu miaka mia moja watunga sheria, mahakimu, maofisa wa forodha na wafua dhahabu walibishana juu ya maana ya neno saa, na matokeo ya mabishano hayo yamo katika kila hati inayomfikia mfasiri wa leo. Mwishoni tutatoa mapendekezo ya istilahi.

Maneno tuliyo nayo

Kabla ya kuingia katika historia, yatupasa kuvitaja vitu kwa majina yake. Neno saa tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo lina maana mbili: kipimo cha wakati na chombo cha kupimia wakati huo. Katika chombo hicho Kiswahili kina majina ya sehemu nyingi. Mishale yake huitwa akrabu, jina lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ya kwanza ni nge. Chuma chembamba kilichojikunja ambacho huendesha magurudumu huitwa kamani, jina lililotujia kutoka Bara Hindi. Mbele kuna uso wenye tarakimu, na juu ya uso kuna kioo.

Sehemu mbili kubwa zaidi, ambazo ndizo zinazotuhusu hapa, hazina majina yaliyokubaliwa na wote. Ya kwanza ni jumla ya magurudumu, kamani na vyuma vinavyotembea, ambayo mafundi wengi huiita mashine. Sisi katika makala haya tutaiita mtambo. Ya pili ni kile kifuniko cha madini kinachoushika mtambo, kuukinga na vumbi, na kumpendeza macho mwenye saa. Hicho tutakiita kasha, na sababu za uteuzi huo tutazieleza baadaye.

Msomaji azingatie kuwa sehemu hizi mbili ni kazi za mafundi wawili tofauti. Mtambo hufanywa kwa shaba na chuma cha pua, na thamani yake ni ustadi. Kasha la dhahabu ni kazi ya mfua dhahabu, au sonara kama tunavyomwita pwani, na sehemu kubwa ya thamani yake ni uzito wa madini yenyewe. Tangu zamani mtambo uliweza kufungwa katika kasha lolote linaloulingana kwa kipimo. Kwa hiyo haikuwa ajabu hata kidogo saa moja kuwa na nchi mbili za kuzaliwa.

Chapa za wafua dhahabu

Dhahabu tupu ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na madini mengine ili iwe ngumu. Macho hayawezi kutambua kiasi cha mchanganyiko huo, na hapo ndipo mdanganyifu hupata nafasi. Uingereza ilianza kuweka sheria juu ya jambo hili mapema sana. Mwaka 1300 ilitolewa amri kuwa chombo cha fedha kisiuzwe kabla ya kuhakikiwa na kupigwa chapa ya kichwa cha chui. Mwaka 1363 kila fundi alitakiwa kuwa na alama yake mwenyewe. Mwaka 1478 uhakiki ulianza kufanywa katika Ukumbi wa Wafua Dhahabu mjini London, na ikaongezwa herufi inayobadilishwa kila mwaka ili kuonyesha ni mwaka gani kifaa kilipohakikiwa.

Kutokana na ukumbi huo Waingereza waliipa chapa hiyo jina lenye maana ya “alama ya ukumbi”. Mfasiri asiyeijua asili yake huweza kushawishika kulifasiri neno kwa neno, na msomaji wa Kiswahili akabaki akijiuliza ni ukumbi gani unaosemwa. Hali halisi ni kwamba chapa hiyo ni ushahidi wa mtu wa tatu, asiyekuwa muuzaji wala mnunuzi, ya kwamba madini yamepimwa na kukutwa yanafikia kiwango. Kwa hiyo sisi tunaiita chapa ya uhakiki. Mwaka 1773 Birmingham na Sheffield zilipewa ofisi zao za uhakiki. Birmingham ilichukua nanga kuwa alama yake, ingawa mji huo uko mbali na bahari.

Kiwango cha usafi wa dhahabu hutajwa kwa karati. Neno hili nalo lina safari ndefu: Waarabu walisema qirat, nao walilipata kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa jina la mbegu ya mkarobi iliyotumika kama uzito mdogo wa mizani. Dhahabu tupu ni karati 24. Karati 18 ni sehemu 750 katika 1000, na karati 9 ni sehemu 375 katika 1000. Mwaka 1854 sheria ya Uingereza iliruhusu dhahabu ya karati 9, 12 na 15. Mwaka 1932 viwango vya 12 na 15 viliondolewa na mahali pake pakawekwa 14. Karati 9 ilibaki, nayo ndiyo iliyotumika zaidi katika makasha tutakayoyazungumzia. Mtu aliyezoea dhahabu ya karati 22 ya sonara wetu aweza kuuliza kama kitu chenye sehemu 375 tu kinastahili kuitwa dhahabu. Sheria ya Uingereza ilijibu ndiyo, lakini kwa sharti kwamba tarakimu ionekane. Mfasiri anayeiacha tarakimu hiyo ameacha nusu ya habari.

Sheria ya 1887 na maana ya neno saa

Katika karne ya 19 saa za Uswisi ziliingia Uingereza kwa wingi na kwa bei nafuu. Mafundi wa Clerkenwell mjini London, na wale wa Coventry, walioishi kwa kazi ya saa, waliona riziki yao inapungua. Malalamiko yao hayakuhusu bei peke yake. Walisema kuwa mitambo ya kigeni ilikuwa ikifungwa katika makasha yenye chapa za Kiingereza, ama kwa sababu kasha lilifanywa Uingereza, au kwa sababu kasha la kigeni lilipelekwa katika ofisi ya uhakiki likapigwa chapa zile zile za makasha ya wenyeji. Mnunuzi alipoifungua saa na kuona chapa hizo aliamini kuwa amenunua saa ya Kiingereza. Chapa ilisema kweli juu ya madini, lakini mnunuzi aliisoma kana kwamba inasema juu ya mtambo.

Bunge lilitoa jibu katika Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1887. Kifungu cha 7 kilieleza kuwa, endapo kasha la saa lina maneno au alama ambazo watu kwa kawaida huzichukua kuwa zinaonyesha nchi ilikofanywa saa, basi maneno hayo yatahesabiwa kuwa ni maelezo ya nchi hiyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kisha sheria ikafasili neno lenyewe. Kwa madhumuni ya kifungu hicho, ilisema, saa ni sehemu yote ya saa isiyokuwa kasha.

Mwanaistilahi hana budi kutua hapa. Katika mazungumzo ya kawaida saa ni kitu kizima kinachofungwa mkononi au kutiwa mfukoni. Katika kifungu hicho saa ni mtambo na uso wake tu, na kasha ni kitu kingine. Fasili hiyo yaonekana ngeni, lakini bila yake isingewezekana kumshtaki mtu aliyeuza mtambo wa Uswisi kwa kutumia heshima ya kasha la Kiingereza. Hali kadhalika kifungu cha 8 kiliamuru kuwa yeyote anayepeleka kasha la saa kuhakikiwa atoe tamko la nchi lilikofanywa. Makasha ya kigeni yaliwekewa chapa za peke yake, zenye neno la kuonyesha kuwa ni ya kigeni.

Matokeo yake hayakuwa yale yaliyotazamiwa. Waingizaji wa saa hawakupenda makasha yao yaandikwe ugeni kwa herufi zinazosomeka, na wengi waliacha kuyapeleka katika ofisi za Uingereza. Waliridhika na chapa za Uswisi, ambayo tayari ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1880. Chini ya sheria hiyo kasha la dhahabu ya karati 18 lilipigwa kichwa cha mwanamke, Helvetia, anayewakilisha taifa la Uswisi. Karati 14 ilipigwa picha ya kindi. Na fedha ya sehemu 875 ilipigwa dubu. Kwa ajili ya soko la Uingereza iliongezwa fedha ya sehemu 935, iliyotambuliwa kwa dubu watatu. Kiwango hicho kilipita kidogo kile cha Kiingereza cha 925.

Je, kasha ni chombo?

Mabishano ya pili yalihusu neno jingine. Sheria ya forodha ya mwaka 1842 ilidai kuwa vyombo vya dhahabu na fedha vinavyoingizwa kutoka nje vihakikiwe kabla ya kuuzwa. Sahani ya fedha ni chombo. Bilauri ya fedha ni chombo. Je, kasha la saa nalo ni chombo? Kwa miaka mingi saa ziliingia nchini pasipo mtu kuliuliza swali hilo kwa dhati. Hatimaye Chama cha Wafua Dhahabu cha London kililipeleka mahakamani, na Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa makasha ya saa yamo ndani ya sheria.

Kutokana na uamuzi huo, kuanzia tarehe 1 Juni 1907 kila kasha la dhahabu au fedha lililoingizwa Uingereza lilipaswa kuhakikiwa na kupigwa chapa huko. Bunge lilipitisha sheria ya kuyasamehe makasha yaliyokwisha kuingia kabla ya siku hiyo, kwa kuwa maduka yalikuwa yamejaa saa zisizo na chapa za Kiingereza. Chapa za vifaa vya kigeni zilikuwa zimekwisha kutengenezwa upya mwaka 1904 na kurekebishwa mwaka 1906, na safari hii hazikuwa na neno la ugeni. Birmingham ilitumia pembetatu iliyo sawa pande zote. London ilianza na uso wa jua, kisha kuanzia 1906 ikatumia alama ya nyota ya Simba, ile ambayo wanafalaki wetu huiita Asadi. Glasgow ilitumia herufi F mbili, moja ikiwa imepinduliwa.

Hapa pametokea kosa lililoenea hata kwa watu wenye elimu. Pamoja na chapa ya mji huwekwa herufi za jina, na wengi hudhani kuwa herufi hizo ni za mtu aliyefanya kasha. Kwa kasha la kigeni sivyo. Herufi hizo ni za mtu aliyelipeleka kasha katika ofisi ya uhakiki na kukubali kubeba dhamana yake mbele ya sheria, na mara nyingi alikuwa wakala wa usafirishaji tu. Herufi GS, kwa mfano, zinazoonekana katika saa nyingi za Uswisi za wakati huo, ni za George Stockwell wa London, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea na kupeleka mizigo. Kwa sababu hiyo istilahi “alama ya fundi” haifai. Tunapendekeza alama ya mdhamini.

Makasha ya Birmingham

Kuhakikiwa kwa makasha ya kigeni kulileta usumbufu na gharama, lakini kilichowasukuma wafanyabiashara wengi zaidi kutafuta makasha ya wenyeji kilikuwa ushuru. Kiwanda kilichonufaika kuliko vyote kilikuwa cha Dennison mjini Birmingham.

Aaron Lufkin Dennison alikuwa Mmarekani, aliyezaliwa katika jimbo la Maine mwaka 1812. Alikuwa mmoja wa waasisi wa kiwanda kilichokuja kujulikana kwa jina la Waltham, ambacho kilijaribu kufanya saa kwa mashine na kwa vipuri vinavyobadilishana. Baada ya kuachana na kiwanda hicho alihamia Uingereza, na mwaka 1874 alianza kufanya makasha Birmingham. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuivika mitambo ya Waltham iliyoingizwa kutoka Marekani bila makasha. Alifariki mwaka 1895, na mwanawe Franklin akaendelea na biashara. Mwaka 1905 ilipewa jina la Kampuni ya Makasha ya Saa ya Dennison. Herufi ALD, ambazo ni za jina la mwasisi, zilipigwa katika makasha miaka mingi baada ya yeye mwenyewe kuzikwa.

Mwezi Septemba 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waziri wa Fedha wa Uingereza, Reginald McKenna, alitoza ushuru wa theluthi moja ya thamani, yaani asilimia 33⅓, juu ya bidhaa kadhaa za anasa zilizotoka nje, zikiwemo motokaa, ala za muziki na saa. Nia ilikuwa kuokoa nafasi katika meli na kupunguza matumizi ya fedha za kigeni. Ushuru huo ulikusudiwa kuwa wa vita, lakini vita vilikwisha nao ukabaki. Uliondolewa mwaka 1924 na kurudishwa mwaka 1925.

Ili kuona uzito wake, tupige hesabu ya mfano. Tuseme saa nzima ina thamani ya pauni 9, mtambo ukiwa pauni 3 na kasha la dhahabu pauni 6. Ikiingia nzima, ushuru wake ni pauni 3. Ukiingia mtambo peke yake, ushuru ni pauni 1, na kasha litakalofanywa Birmingham halidaiwi kitu forodhani. Hakuna mfanyabiashara aliyehitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Hans Wilsdorf, ambaye mwaka 1905 alianzisha London pamoja na Alfred Davis biashara iliyozaa jina la Rolex, alihamisha makao yake hadi Geneva baada ya vita hivyo. Lakini saa zake zilizouzwa Uingereza ziliendelea kuvikwa makasha ya Kiingereza mara kwa mara.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na uingizaji wa saa ulidhibitiwa. Mtambo mdogo wa shaba na chuma ulikuwa rahisi kuruhusiwa kuliko kasha la dhahabu. Katika miaka ya 1940, 1950 na 1960 Dennison ilifanya makasha ya karati 9 kwa ajili ya mitambo ya Omega, Rolex, Longines na Jaeger-LeCoultre. Saa hizo zilitolewa kama zawadi kwa wafanyakazi wanaostaafu, na nyuma ya kasha ziliandikwa jina la mtu na miaka aliyotumika. Kampuni ya Dennison ilifungwa mwaka 1967.

Namna ya kuzisoma chapa

Kutokana na historia hiyo tunapata kanuni nyepesi, ambayo kila mfasiri wa hati za mnada, mirathi au forodha aweza kuikumbuka. Tuweke mezani saa mbili za mwaka mmoja, zenye mtambo wa namna moja kutoka Uswisi, zote zikiwa na makasha ya karati 9 yaliyohakikiwa Birmingham. Ya kwanza ina nanga. Ya pili ina pembetatu. Kasha lenye nanga lilifanywa Uingereza. Kasha lenye pembetatu lilifanywa nje likahakikiwa Birmingham. Zote mbili ni halali, na mitambo yao ni sawa. Mwenye kuandika kwamba zote mbili ni “saa zenye chapa ya Birmingham” hakusema uongo, lakini ameificha tofauti ambayo sheria ilichukua miaka ishirini kuitafutia alama.

Ofisi nyingine zilikuwa na jozi zake. London ilitumia kichwa cha chui kwa vifaa vya nchini na alama ya Simba kwa vya nje. Chester, ambayo ofisi yake ilifungwa mwaka 1962, ilitumia upanga na miganda mitatu ya ngano kwa vifaa vya nchini, na tunda la mwaloni lenye majani mawili kwa vya nje.

Mifano ya nchi nyingine

Uingereza haikuwa peke yake. Marekani, kwa Sheria ya Ushuru ya mwaka 1930, ilitoza mitambo ya saa kwa kufuata ukubwa wake na idadi ya vito vilivyomo. Mtambo wenye vito zaidi ya 17 ulitozwa dola 10.75, kiasi kikubwa sana kwa wakati ule. Kwa hiyo mitambo mingi ya Uswisi iliyopelekwa Marekani ilikuwa na vito 17, nayo ilivikwa huko makasha ya wenyeji, mengi yakiwa ya karati 14, kiwango kilichopendwa na Wamarekani. Mtu anayezilinganisha saa tatu zenye mtambo mmoja, moja ya karati 9 kutoka Birmingham, moja ya karati 14 kutoka Marekani na moja ya karati 18 kutoka Geneva, asidhani kuwa moja ndiyo ya kweli na nyingine za kuigiza. Karati hizo zinamweleza desturi na sheria za soko ambalo kila saa ilikusudiwa.

Uswisi nayo ilifika mahali pa kulifasili neno. Kwa amri ya tarehe 23 Desemba 1971 serikali yake ilieleza kuwa saa itaitwa ya Uswisi iwapo mtambo wake ni wa Uswisi, umefungwa katika kasha huko Uswisi, na ukaguzi wa mwisho umefanywa huko. Masharti hayo yaliongezwa ukali baadaye, kuanzia tarehe 1 Januari 2017, kwa kudai kuwa asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza saa ziwe zimetumika Uswisi.

Twaona basi kwamba sheria mbili zimelichukua neno moja na kulipeleka pande mbili zinazopingana. Kwa sheria ya Uingereza ya 1887, saa ilikuwa kila kitu isipokuwa kasha. Kwa amri ya Uswisi ya 1971, kitu hakiitwi saa ya Uswisi mpaka kasha na mtambo vikutanishwe katika nchi hiyo. Saa ya marehemu tuliyoitaja mwanzoni, ikipimwa kwa kifungu cha Kiingereza, ni ya Uswisi. Ikipimwa kwa masharti ya amri ya Uswisi, ina mtambo wa Uswisi, lakini yenyewe si saa ya Uswisi. Mfasiri hawezi kukwepa jambo hili kwa kusema kuwa yeye afasiri tu. Kila mara aandikapo “saa ya Uswisi” amekwisha kuchagua upande mmoja.

Mapendekezo ya istilahi

Kwanza, kuhusu kasha. Yako maneno mengine yaliyoweza kutumika. Ganda hutumiwa na watu wengi na laeleweka, ila lina kasoro moja: ganda ni kitu kinachomenywa na kutupwa, hali katika saa za dhahabu sehemu hiyo ndiyo yenye thamani kubwa. Nyumba ni neno zuri la picha, lakini ni pana mno. Tuliwahi kufikiria kijaluba, kile kikopo kidogo cha madini cha kutilia tambuu, ambacho kwa hakika kilikuwa kazi ya wafua fedha. Hata hivyo kijaluba hufunguliwa na kufungwa kila wakati, na kizazi cha sasa hakikijui. Kasha lachukua maana ya kitu kinachohifadhi kingine, na chaweza kuwa na thamani yake peke yake. Kisanduku ambacho saa huuzwa ndani yake kiitwe kisanduku, ili pasitokee mchanganyiko.

Pili, mtambo litumike katika maandishi rasmi, na mashine libaki katika mazungumzo ya mafundi, ambako halina madhara.

Tatu, chapa ya uhakiki litumike kwa alama inayopigwa na ofisi ya serikali au chama chenye mamlaka baada ya kupima madini. Alama ya mdhamini kwa herufi za aliyewasilisha kifaa. Na nembo kwa jina la biashara la mwenye kampuni. Vitu hivi vitatu visiitwe vyote muhuri, kama inavyotokea mara kwa mara.

Nne, dhahabu itajwe pamoja na karati yake au sehemu zake katika 1000. Kifaa kilichofunikwa dhahabu kwa juu tu kiitwe cha kuchovya, kama wasemavyo watu sokoni, na kisiitwe cha dhahabu hata kama muuzaji amependa hivyo.

Tano, na hili ndilo kubwa, nchi itajwe kwa kila sehemu. Tuandike: “saa yenye mtambo wa Uswisi na kasha la dhahabu ya karati 9 lililofanywa Uingereza, lenye chapa ya uhakiki ya Birmingham.” Ni maneno mengi kuliko matano, lakini kila moja lina kazi yake.

Hitimisho

Mwaka 1972 nchi saba za Ulaya, zikiwemo Uingereza na Uswisi, zilitia sahihi mkataba mjini Vienna wa kutambuliana chapa za madini ya thamani. Ugomvi ulioanzia katika karakana za Clerkenwell na Coventry ulipata hivyo suluhu ya heshima. Makasha yaliyofanywa kabla ya hapo hayakubadilika. Yangali yanapita katika minada, katika maduka ya masonara na katika kabati za familia, yakibeba nanga zake na pembetatu zake, na kila mara yanapopita huhitaji mtu wa kuyasoma.

Mara nyingi hudhaniwa kuwa kazi ya istilahi ni kutafuta majina ya vitu vipya vinavyotoka viwandani. Historia hii yatuonyesha kwamba hata kitu cha zamani, chenye jina linalojulikana na mtoto mdogo, chaweza kudai fasili mpya siku kinapoingia mahakamani, forodhani au katika mgawo wa mirathi. Warithi wa saa tuliyoianza nayo walikuwa na haki ya kujua wana nini mkononi: mtambo mwema wa Uswisi katika dhahabu halali ya Birmingham. Lugha yetu ina maneno ya kutosha kuwaeleza hivyo. Inatupasa sisi tuyatumie.